Aliyeshika Usukani Siku Ile ya Wazo

Kimara, Jumapili jioni

Atupele mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa msusi, na vyombo vya mchana bado vimejaa kwenye karo. Nimekaa mezani peke yangu na nimekasirika. Nakuambia mapema, usije ukafika katikati ya barua ukaanza kujiuliza baba ana nini. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na baridi ya Songea mama yako ameshakupa, naye anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu kabla hujazaliwa.

Leo mchana, kwenye sherehe ya kukuaga, watu wakiwa wanapanga viti kwa ajili ya picha, ulimfuata mama yako barazani ukamwambia, "Mama, Ba'mkubwa asikae kwenye picha. Hii nitaiposti, na watu wa kazini wataiona. Mtu aliyewahi kufungwa, mama. Mie naenda kuwa hakimu."

Ulisema kwa sauti ndogo. Hukujua kwamba baba yako mkubwa Ambwene alikuwa hatua tatu nyuma yako, pale bombani, ananawa mikono. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani, nikamwona. Alifunga bomba. Akajifuta mikono kwenye suruali, ile suruali ya kitambaa aliyoipiga pasi kwa ajili yako, akanifuata na kuniambia kuna mteja anamsubiri Tandika, pikipiki imemzimikia. Jumapili, saa nane mchana. Akaondoka kabla keki haijakatwa.

Wewe ukapiga picha yako. Mimi nimo, kulia kwako, nimevaa koti. Wala sikusema neno. Nimezoea kunyamaza, na utaona ni kwa nini.

Kuna hadithi ya gari ambayo umeisikia kwangu mara nyingi kuliko hadithi za sungura. Gari jeupe la Mzee Murtaza, la viti viwili, paa la kukunja. Ulipokuwa darasa la pili ulilichora kwenye ukuta wa sebule na mama yako akakuchapa. Mimi hadithi ile huwa naikatisha Tegeta, upepo unavuma, watu wamesimama kando ya barabara wanatupungia. Halafu nasema, "Basi, kaka akapata ajali, gari likafa," na mnaulizana chai iko wapi. Leo sitaikatisha Tegeta.

Babu yako alikuja Dar kutoka Tukuyu kuwa karani bandarini, tukakaa Temeke, chumba na sebule, sisi wanne. Alipofariki, Ambwene alikuwa kidato cha pili na mimi darasa la sita. Mwezi uliofuata Ambwene akavua sare ya shule akaenda Chang'ombe kuomba kazi kwenye gereji ya Mzee Murtaza. Hakuna aliyemwambia aende. Bibi yako aliamka asubuhi akaikuta sare imekunjwa juu ya kiti.

Mzee Murtaza alikuwa Mhindi wa Kishia, mfanyabiashara wa vipuri, mzaliwa wa Temeke hii hii, na Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke kuliko changu. Nyuma ya gereji, chini ya turubai, alikuwa na gari lake la ujana. La Kiingereza, jeupe, limekaa chini kiasi kwamba ukilipanda unahisi kama umeketi kwenye mkeka. Usukani wa mbao. Alikuwa akimpakia mkewe humo Jumapili wanakwenda kula hewa, na mkewe alipofariki akalifunika. Miaka ikapita. Panya wakalala ndani ya viti.

Ambwene ndiye aliyelifufua. Ilimchukua masika mawili, akilishughulikia baada ya kazi. Vipuri havikuwepo nchini, vingine alivichonga mwenyewe kwenye mashine ya kukereza vyuma. Mimi Jumamosi nilikwenda kumwoshea vyuma kwa petroli, mikono ikiniwasha hadi Jumatatu. Siku lilipowaka, Mzee Murtaza aliketi kiti cha abiria, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Kisha akamwambia kaka, "Zunguka nalo." Waliporudi alimkabidhi ufunguo. "Kila Jumapili ulipashe moto," akasema. "Mwisho Mwenge, halafu rudi. Na uendeshe wewe tu, Ambwene. Asiguse mtu mwingine."

Nilikuwepo. Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu haya.

Sasa nikuambie ukweli mwingine, maana sitaki kujifanya. Zile Jumapili zilikuwa tamu. Tulitoka kanisani na mashati yetu meupe, tunapita Chang'ombe kulichukua, tunafungua paa. Injini ile haikunguruma kama magari ya siku hizi. Ilikuwa na sauti kavu, ya kukwaruza kidogo, halafu ukikanyaga inapanda na kuwa kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Harufu ya ngozi iliyopigwa jua, petroli, na mafuta ya nazi ya nywele za kaka. Tukisimama Magomeni watu wanaliangalia gari, halafu wanatuangalia sisi, vijana wawili weusi wa Temeke kwenye gari la sinema, na hawajui waseme nini. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepata nafasi Chuo Kikuu, barua imo mfukoni, natembea nayo kama kitambulisho. Nilijiona nimeshafika.

Kinachonikasirisha hadi leo ni kwamba utamu haujaisha. Ungedhani baada ya yote ungekuwa umechacha. Nikisikia gari la zamani linapita hapa Kimara moyo unaruka kabla sijaukataza.

Nilianza kumwomba usukani Jumapili ya tatu. Alikataa. Nikamwomba tena, nikanuna, nikamwambia anajiona mzee. Kaka yangu hakuweza kamwe kustahimili kununa kwangu. Mwishowe akawa ananiachia tukishafika Mwenge, na badala ya kugeuza tunaendelea na barabara ya Bagamoyo, mimi naendesha, yeye ananifundisha. Leseni sikuwa nayo. Yeye alikuwa nayo. Mara ya kwanza nilifika Makongo. Mara ya pili Tegeta. Nikajifunza upesi, na kujifunza upesi kuliniharibu.

Siku yenyewe tulivuka Tegeta, nikakata kulia, hapana, usiniamini na kumbukumbu za kona, nikakata kuingia njia ya Wazo, ile inayopanda kuelekea kiwanda cha saruji. Wakati huo ilikuwa na vumbi jeupe kila mahali, majani meupe, mabati meupe. Malori hayakuwepo, Jumapili. Njia ilikuwa wazi na nikataka kuisikia ile injini inavyopanda.

"Punguza, Lusekelo," kaka akasema.

"Subiri kidogo."

"Punguza, kuna watu huku."

"Subiri kidogo, kaka, nasikia raha."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla ya jambo lile. Nasikia raha.

Alikuwa mtu mmoja anayetoka zamu, anasukuma baiskeli, jina lake Shabani. Alivuka kutoka kushoto. Nilimwona, Atupele. Usije ukadhani sikumwona. Nilimwona mapema nikadhani gari lile litaweza, kwa sababu lilikuwa limeweza kila nilipoliomba. Nikakanyaga breki nikiwa nimechelewa, likaserereka, likampiga kiunoni yeye na baiskeli yake, na sisi tukaishia kwenye mtaro.

Kaka alitoka kabla vumbi halijatulia. Akamkimbilia yule mtu, akapiga magoti kando yake, akamsemesha, akavua shati akamfunga nalo. Mimi nilikuwa bado nimeketi, nimeushika usukani kwa mikono miwili. Watu wakaanza kutokea huko juu, bado mbali, wanakimbia. Kaka akarudi mbio, kifua wazi, akaniambia neno moja.

"Hama."

Sikuelewa.

"Hama, toka hapo, kaa huku. Mie nina leseni. Wewe huna, na una chuo. Hama, Lusekelo, wanakuja."

Nikahama.

Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama nilibisha. Ningependa sana nikuambie nilibisha. Nilihama haraka, mwanangu, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa.

Shabani hakufa. Nyonga ilivunjika na hakutembea tena bila magongo. Ambwene alishtakiwa Kinondoni. Nikaitwa shahidi, kwa kuwa nilikuwa ndani ya gari. Nilishika Biblia, kitabu kile kile ninachokusomea Zaburi, nikaapa, na hakimu akaniuliza nani alikuwa akiendesha. Nikasema, "Kaka yangu." Akaniuliza kama alikuwa akienda kasi. Nikasema, "Ndiyo, nilimwambia apunguze."

Hilo la pili hakuna aliyeniomba niseme. Kaka hakuniomba. Nililiongeza mwenyewe, bure, ili nionekane kijana mwenye busara. Nikamtazama kizimbani akainamisha uso, na hakimu akaandika.

Mwaka mmoja na nusu alikaa. Mimi nikaenda chuo, nikawa mwalimu, na serikali kwa hekima yake ikanipa somo la uraia. Nimewafundisha watoto wa watu haki na wajibu kwa robo karne. Na bibi yako, ambaye hukumkuta, alikwenda gerezani kumtembelea mwanawe mara moja tu, akamwambia, "Ulipewa amana ya mtu ukaichezea." Hakurudi tena. Alifariki Ambwene akiwa hajamaliza kifungo. Amezikwa akiamini mwanawe mkubwa ndiye aliyemwaibisha na mdogo ndiye aliyemfuta machozi. Nilikuwa na muda wa kumwambia. Nilimlisha uji kwa kijiko wiki tatu. Kila siku nilisema kesho.

Mtu mmoja alijua. Mzee Murtaza alikuja kituoni kulitazama gari lake. Aliuliza kwanza kuhusu Shabani, yuko hospitali gani, ana watoto wangapi. Ndipo akainama ndani ya gari. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Akanyoosha mkono chini ya kiti cha dereva, akakaa hivyo, kisha akaniita pembeni.

"Kiti kimesogezwa mbele," akasema. "Kaka yako ni mrefu. Pale magoti yake yasingeingia."

Nikakitazama kile kiti.

"Mimi hawajaniuliza," akasema. "Wewe watakuuliza."

Akaniacha na hilo. Sikumwona tena ila mara moja, kwa mbali, Kariakoo, nikaingia dukani kununua kitu nisichokihitaji hadi akapita. Gari aliliuza kwa vipande. Nilimchukia mzee yule kwa miaka, unaweza kuamini? Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa na macho.

Ambwene alipotoka hakuna gereji iliyomchukua. Mtu aliyeaminiwa gari la tajiri akagonga mtu nalo. Akaanza kutengeneza pikipiki Tandika, chini ya bati, na hapo ndipo alipo mpaka leo. Wewe umekua ukimwona na kucha nyeusi na fulana zenye oili, ukadhani ndivyo alivyozaliwa. Yule ndiye fundi aliyechonga vyuma vya injini ya Kiingereza kwa macho tu. Hakuoa hadi umri ukamtupa. Alimtengenezea Shabani baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukuma kwa mikono, na kila mwezi alikwenda Boko kumtazama, kuikaza nati, kuongea mpira, mpaka Shabani alipofariki kwa maradhi yake ya uzee. Mimi sikuwahi kwenda. Siku moja nilifika kwenye kona ya kwao, nikaona mti na kibaraza na mtu ameketi, nikageuza.

Basi leo, ulipomaliza kupiga picha, nilipanda bodaboda nikaenda Tandika. Hakukuwa na mteja wala pikipiki. Kaka alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado na ile suruali nzuri, anapanga spana zake kwa ukubwa. Nikamwamkia, akaitika, nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Kwa kosa la mtoto?" akaniuliza. "Mtoto hana kosa. Kasema anachokijua."

"Ndiyo maana leo namwambia. Yote."

Akaacha spana. "Usimwambie."

"Kaka."

"Usimwambie, Lusekelo. Mie nilikaa mle ili usome. Umesoma, na mtoto amesoma, leo anakuwa hakimu. Ukimwambia sasa si ntakuwa nilikaa bure?"

Nikamjibu kwamba siwezi kumwacha mtoto aondoke akimdharau. Akacheka kicheko kifupi ambacho sijawahi kukisikia kwake. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, kaka yangu akanikasirikia.

"Dharau ya mtoto haiumi," akasema. "Jela nayo iliisha. Unataka kujua kinachoniuma? Kila Krismasi unasimulia lile gari. Watoto wamekaa, na mie nimekaa. Unalisimulia vizuri, mpaka mie mwenyewe nasikia raha. Halafu ukifika mwisho unasema 'kaka akapata ajali', na unasema ukinitazama usoni. Kila mwaka. Mie nilikuwaga natoka nje najifanya naenda kukojoa. Nilikupa kila nilichokuwa nacho, mdogo wangu. Wewe ungenipa kunyamaza tu."

Nikavuta ndoo nyingine nikaketi karibu naye.

Mama lishe wa jirani akatuletea chai, akaona sura zetu, akaondoka bila kuuliza sukari. Baadaye kaka akaniambia, "Haya, mwambie. Lakini usinifanye malaika. Mie ndiye niliyekupa usukani. Niliambiwa nisimpe mtu, nikakupa wewe. Na hilo uliandike."

Nimeliandika.

Atupele, nina hasira na wewe, na usidhani kwa kuwa mimi ni mwongo basi sina haki ya kuwa nayo. Ulimtoa mzee kwenye picha ya familia yake kama mtu anavyofuta doa. Hata kama angekuwa amemgonga Shabani kwa mkono wake mwenyewe, alitumikia kifungo alichopewa, akaenda Boko miaka na miaka. Ungemuuliza. Hujawahi kumuuliza chochote, umekuwa ukimpa shikamoo na kupita. Lakini hasira kubwa ni ya kwangu, na hiyo nimeilisha mwenyewe: kila niliposimulia nusu, wewe uliishi ndani ya hiyo nusu. Macho yale uliyomtazama nayo leo ni mimi niliyekuwekea.

Jumatano utaketi kwenye kiti na watu watasimama mbele yako. Sitakufundisha kazi, umeisomea na mimi nimeichafua. Nakuambia tu nilichokiona nikiwa upande wa pili. Siku moja atasimama mtu aseme "ni mimi" upesi sana, bila kujitetea, na utashukuru kwa kuwa faili limekuwa jepesi. Pembeni yake atakuwepo shahidi, kijana msafi, anaongea vizuri, anakuita mheshimiwa. Mtazame na huyo. Mimi nilikuwa na shati jeupe na barua ya chuo mfukoni, na hakimu yule, mtu mwema, hakunitazama mara mbili.

Kuhusu kiapo changu, sijui sheria inasema nini kwa uongo wa zamani kiasi hiki. Wewe unajua. Ukiona inakupasa kuifikisha barua hii mahali, ifikishe. Sijaandika popote kwamba ni siri. Mama yako nitamwambia leo mkirudi, kabla hatujala, na sijui atalala chumba gani.

Kesho alfajiri nitakupeleka stendi ya Mbezi nikiwa nimenyamaza, maana bahasha hii nitaitia kwenye mkoba wako na utaisoma ukiwa umeshapita Morogoro. Usinitumie ujumbe wa kunipa pole. Sitaki, na nadhani hutataka kuutuma. Kaa na hasira yako kwa siku utakazohitaji, ni haki yako, sikukusomesha ili unisamehe.

Ila ukifika Songea, usinipigie mimi kwanza. Mpigie yeye. Anaamka saa kumi na moja alfajiri na simu huwa anaiweka juu ya boksi la spana. Usimweleze kwamba unajua, wala usilie. Mwambie umefika, na umwulize lile gari alilifufua vipi. Anza na panya kwenye viti, halafu mwache aseme yeye.

Mimi baba yako,
Lusekelo